Ilani ya Njia Nyeupe

Ndugu wapanda baiskeli, wakati umewadia.

Umewadia kwenye vilima vya Siena, ambako njia nyeupe zinapanda na kushuka kati ya mizabibu na misaipresi. Umewadia Andalusia, ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwa ajili ya treni, na treni isije. Umewadia Istria na Catalonia, na kila upande wa Mediterania ambako kilima kinapokezana na kilima, na katikati imejilaza njia ya changarawe isiyojua honi. Sisi tunaozipita njia hizo kwa nguvu za mapaja yetu wenyewe, tuliotoka nchi nyingi na kusalimiana kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, tunatangaza leo kwamba enzi ya gari kuwa mfalme wa kila njia imekwisha. Hatukuja kuililia wala kuizika. Tumeshaikata kona, na vumbi letu limetua nyuma yetu.

Hatujajipa jina. Jina huzaa nembo, nembo huzaa fulana, na fulana huzaa bei. Kwa sasa tutambueni kwa vumbi letu: ni jeupe, linashika kwenye vifundo vya miguu, na halitoki kwa kuoga mara moja.

Tunakataa kanuni kongwe ya mwenye nguvu mpishe. Imetawala lami za Ulaya kama ilivyotawala lami za Afrika Mashariki, na mavuno yake yanajulikana. Asubuhi ya tarehe 22 Aprili 2017, Michele Scarponi, aliyetawazwa mshindi wa Giro d'Italia ya mwaka 2011, alitoka kufanya mazoezi karibu na nyumbani kwake Filottrano, mkoa wa Marche. Alikuwa ametoka mashindanoni jana yake tu. Kwenye barabara hizo alikuwa na rafiki wa ajabu, kasuku aliyezoea kumfuata angani na kumtua mgongoni huku akiendelea kukanyaga. Asubuhi ile aligongwa na gari kwenye makutano ya barabara, akafa akiwa na miaka 37, baba wa watoto wawili. Tarehe 30 Novemba 2022 ikawa zamu ya Davide Rebellin, mkongwe wa miaka 51 aliyestaafu mashindano wiki chache tu nyuma. Lori lilimgonga huko Veneto, naye akafa palepale. Ikiwa lami haikuwahurumia hawa, watu waliolelewa juu ya tandiko, itamhurumia mwalimu anayekwenda shule kwa baiskeli? Itamhurumia mtoto?

Sheria ya Hispania inamtaka dereva amwachie mpanda baiskeli nafasi ya mita moja na nusu anapompita. Tumeipima mita hiyo na nusu yake kwa viwiko vyetu, na kioo cha pembeni cha gari tumekisikia kikipuliza. Hatubishani tena kuhusu sentimita. Tunataka njia.

Tunaamini kwamba njia tunazozitaka zimekwisha kujengwa. Hili ndilo la kwanza, nasi tunalisema kwa herufi kubwa za moyo, maana maadui wa baiskeli hupenda kuuliza fedha zitatoka wapi. Fedha zilikwisha toka! Babu zenu walilipa. Katika miaka ya 1920 serikali ya Hispania ilianza kujenga reli ya kutoka Jerez hadi Almargen, kupitia milima ya Cádiz. Wakapasua miamba kwa baruti na sururu, wakainua madaraja juu ya mabonde, wakajenga stesheni zenye madirisha ya kukatia tiketi. Kisha fedha zikakauka, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia, na reli ikabaki bila treni. Abiria hata mmoja hakukata tiketi. Kwa miongo kadhaa ilikuwa njia ya mbuzi na popo.

Leo kati ya Olvera na Puerto Serrano kuna kilomita 36 za njia hiyo, zenye mahandaki 30 na madaraja marefu manne, na juu yake hapapiti gari. Ingieni kwenye handaki kubwa, lililo karibu na kilomita moja, saa nane mchana wa Julai. Nje jua linachoma kama pasi. Hatua kumi ndani, jasho linageuka maji baridi mgongoni. Matone yanadondoka kutoka darini, moja kwenye kofia, jingine kwenye shingo. Unasikia tairi lako likisaga changarawe na mwangwi wake ukikufuata kama kwamba nyuma yako wako wapanda baiskeli arobaini. Mbele kuna tundu la mwanga dogo kama shilingi, nalo linakua, linakua, hadi linakutema upande wa pili, na hapo, juu ya jabali la Zaframagón, tumbusi wanazunguka bila kupiga bawa. Mabawa yao yakitandazwa yanazidi urefu wa mtu aliyelala, hata kama mtu huyo ni mrefu sana. Wanakutazama. Wanaona u hai, wanaendelea na mambo yao.

Mhandisi wa reli alikuwa mtumishi wa mpanda baiskeli bila kujua. Garimoshi haliwezi mwinuko mkali, hivyo ilimlazimu aizungushe reli ubavuni mwa mlima, aupande mlima kwa kuubembeleza. Ndiyo maana bibi wa miaka sabini anaweza leo kuvuka vilima ambavyo kwa barabara ya magari vingemtoa roho. Treni ndogo ya Parenzana ilianza mwaka 1902 kati ya Trieste na Poreč, kilomita 123 za reli nyembamba ya milimita 760, ikizunguka vilima vya Istria chini ya miji iliyokaa juu kama viota, Motovun na Grožnjan. Ilijengwa na milki ya Austria na Hungaria, ikafungwa mwaka 1935 na ufalme wa Italia, na leo njia yake inapita katika nchi tatu. Wafalme wote waliohusika wamekwenda zao. Mwinuko ule mpole umebaki. Kule Catalonia, treni ndogo ya kutoka Olot hadi Girona, na nyingine ya kutoka Girona hadi bandari ya Sant Feliu de Guíxols, zilizimwa mwaka 1969. Leo mtu anaweza kuteremka kutoka kwenye volkano zilizolala za Garrotxa hadi kutia miguu baharini, karibu kilomita 100, akifuata mapito yao. Hispania ilianza kazi hii ya kufufua reli zilizokufa mwaka 1993, ikaziita njia za kijani, na sasa inazo zaidi ya kilomita 3,000. Kazi imeanza bila sisi. Sisi tunaikuza.

Tunaamini kwamba chini ya ramani ya magari iko ramani nyingine, kongwe kuliko injini zote. Ni ramani ya kondoo. Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla aliwapa wafugaji hati yao mwaka 1273, na chama chao, Mesta, kikayalinda mapito ya mifugo kwa karne nyingi, kondoo wakihama kati ya nyanda za kusini na milima ya kaskazini kufuata majani. Pito kubwa kabisa, liitwalo cañada, lilipimwa upana wa vara 90, yaani karibu mita 75. Mita sabini na tano, ndugu zangu, kwa ajili ya kondoo! Na hayo mapito hayakufutwa. Sheria namba 3 ya Hispania ya mwaka 1995 inasema ni mali ya umma: hayauzwi, hayakamatwi kwa deni, wala hakuna anayeweza kuyadai kwa kuwa eti ameyakalia miaka mingi. Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenda kwa miguu, mpanda farasi, na kila chombo kisicho na mota, kwa sharti moja tu: mifugo itangulie.

Yasomeni maneno hayo tena. Hapa ndipo pahali pekee kwenye sheria za barabara tunazozijua ambapo mwenye nguvu hapishwi. Aliye mbele ni kondoo. Nyuma yake tuko sisi, na gari halimo kwenye foleni.

Kilomita za mapito hayo hukadiriwa kuwa 125,000 katika Hispania nzima. Nyingi zimelimwa, nyingine zimezungushiwa seng'enge, nyingine zimemezwa na barabara kuu na maghala. Lakini kila vuli tangu 1994 wachungaji wanaliingiza kundi lao katikati ya Madrid, kengele zikilia mbele ya mabenki, na kulipa ushuru wao wa kale wa maravedí 50 kwa kila kondoo elfu, kwa mapatano ya mwaka 1418, ili asije mtu akasema haki imekufa kwa kutotumika. Huo ndio ustadi wa siasa tunaotaka kujifunza: haki ya njia hutunzwa kwa nyayo. Italia nayo ina tratturi zake, kutoka milima ya Abruzzo hadi nyanda za Puglia, baadhi zikiwa na upana wa mita 111. Mwaka 2019 UNESCO iliandika safari hizo za mifugo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Italia, Ugiriki na Austria. Yeyote aliyekulia kando ya mapito ya ng'ombe wa Wamasai, akayaona yakikatwa na uzio mmoja baada ya mwingine, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Tunakataa lami kuwa kipimo pekee cha maendeleo. Tunajua hapa msomaji wa Kiswahili atatikisa kichwa. Atasema: kwetu tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga kelele tupate lami, nanyi mnakaa Ulaya mnasifia vumbi? Ana haki ya kucheka, na baadhi yetu tumecheka naye, maana tumekulia kwenye barabara ambazo masika yakija mama mjamzito anabebwa kwa machela kilomita nane. Hatumwambii yeyote abaki na matope. Mama huyo apewe lami yake, na gari la wagonjwa juu yake, leo. Lakini vilima tunavyovisema vilikwisha pata lami, kisha vikapata nyingine, kisha ya tatu, hadi kijiji cha watu mia mbili kina barabara tatu za kukimbilia na hakuna hata moja ya kutembelea. Kuna siku lami inafungua nchi, na kuna siku inaifunga. Anayejua kutofautisha siku hizo mbili ndiye anayestahili kupewa wizara.

Katika vilima vya Chianti walikuwako watu waliotofautisha. Mwaka 1997, pale Gaiole, Giancarlo Brocci na wenzake waliita wapanda baiskeli waje na baiskeli kuukuu, zile za chuma, zenye vishikio vya gia kwenye bomba la chini, wapite kwenye strade bianche, barabara nyeupe za mkoa wa Siena, kwa sababu lami ilikuwa inazimeza moja baada ya nyingine. Waliitika 92. Wakala mkate na supu ya maharage, wakanywa divai, wakarudi weupe kama waokaji. Kutokana na mchezo ule, ulioitwa L'Eroica, ulizaliwa mwaka 2007 mpambano wa mabingwa, Strade Bianche, unaomalizikia Piazza del Campo mjini Siena. Na kutokana na hayo yote zilipata bei barabara ambazo jana ziliitwa mbovu. Sasa kuzitia lami ni aibu. Tazameni jinsi ushindi unavyokuja: hawakuandamana, hawakumtukana mtu. Walizipanda tu, mwaka baada ya mwaka, hadi zikawa na wenyewe.

Tunaamini katika mwili. Tunaamini katika pumzi, katika paja, katika kiganja kinachokufa ganzi kwa mtikisiko na kuamka kwa mtelemko. Yeyote anayetaka kujua tunachoamini asisome ilani hii. Aende Asciano akapande Monte Sante Marie. Ni kilomita 11 na nusu za changarawe katikati ya Crete Senesi, nchi ya udongo wa kijivu uliokunjamana kama ngozi ya tembo. Hakuna kivuli. Kona ya kwanza unajiona shujaa. Mtelemko wa kwanza unajua wewe si shujaa, kwa sababu changarawe imejikusanya katikati kama mgongo wa samaki na gurudumu la mbele linataka kwenda linakotaka lenyewe. Hapo ukishika breki ya mbele kwa hofu, umeanguka. Legeza mikono, sogeza makalio nyuma, tazama mbali. Baiskeli inajua njia kuliko wewe. Kisha mwinuko: ukisimama juu ya kanyagio, gurudumu la nyuma linateleza, ukikaa, gurudumu la mbele linainuka. Lazima uinamie usukani kama mtu anayemnong'oneza punda. Na ukifika juu, ukageuka, unaona kila kitu ulichopita, uzi mweupe juu ya kijivu, hakuna gari, hakuna nguzo ya tangazo, hakuna mtu anayekutaka ufanye haraka. Kuna mbwa anabweka shamba la mbali, na moyo wako.

Kizazi kijacho kitashangaa kwamba utulivu huo uliwahi kuwa wa kutafutwa.

Tunakataa duka kuwa lango la njia. Wametuambia kwamba changarawe inahitaji baiskeli ya changarawe, na baiskeli ya changarawe inahitaji viatu vya changarawe, na viatu hivyo vinahitaji soksi za rangi fulani. Uongo mtupu. Changarawe inahitaji tairi pana kidogo, milimita 40 zinatosha sana, na ujasiri wa kupunguza upepo. Mtu wa kilo 70 akijaza tairi hilo hadi likawa gumu kama jiwe atatikiswa meno. Akiliacha kwenye bar mbili na ushee, linaelea. Haya mengine ni mapambo. Mmoja wetu alichanika tairi kwenye jiwe kali la chokaa, kilomita 19 kutoka kijiji cha karibu, ubavu ukafunguka kama mdomo. Aliyempita na baiskeli ya bei ya gari alisikitika naye kwa dhati, akaendelea. Mwenzetu akafanya alichomwona fundi akifanya chini ya mwembe miaka thelathini iliyopita: akaweka kiraka cha ndani ya tairi. Fundi yule alitumia kipande cha tairi kuukuu. Huku, kipande hakikuwepo, ikatumika noti ya euro tano iliyokunjwa mara mbili. Ilimfikisha. Noti ile bado anayo, ina alama ya jiwe, na hainunui kitu.

Tunakataa pia unafiki wetu wenyewe. Tumewaona wenzetu, na tumejiona sisi, tukifunga baiskeli juu ya paa la gari, tukiendesha saa mbili kwenda kutafuta mahali pasipo na magari, na kuegesha kwenye mdomo wa njia hadi mchungaji akose pa kupitishia kondoo. Basi kuanzia leo tunakwenda kwa treni, na treni isiyopokea baiskeli tunaidai ipokee. Behewa la mizigo lilikuwapo zamani. Aliyeliondoa alirudishe.

Tunaamini kwamba njia nyeupe ni ya mwenye umri kama ilivyo ya kijana. Baiskeli yenye mota ndogo inayomsukuma mzee kumalizia kilima, karibu sana. Pikipiki inayochimba mifereji kwenye njia na kuwatawanya kondoo, mlango ule pale. Mtu wa miguu hutangulia, farasi hutangulia, kondoo hutangulia. Mbwa mweupe wa Maremma, mlinzi wa kondoo, akisimama katikati ya njia, shuka, tembea polepole, baiskeli iwe kati yako na yeye, msalimie kwa sauti ya kawaida. Yuko kazini, wewe uko matembezini. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge. Msimu wa kuwinda nguruwe mwitu, vaa rangi inayopiga kelele. Na mkulima anayepita kwa trekta lake kwenye shamba lake, njia ileile tunayoisifia, apishwe kwa tabasamu. Yeye ndiye anayeifyekea majani.

Tunaamini katika vijiji. Vijana wamekwenda Sevilla, wamekwenda Milano, wamekwenda Berlin, na vilima vimebaki na wazee na paka. Barabara ya lami haikuwazuia kuondoka, ilirahisisha safari. Mtu wa gari hupita kijijini kwa dakika moja na nusu. Mtu wa baiskeli hupita akiwa na kiu. Anasimama. Anauliza maji, anakunywa kahawa, anakula mkate wenye nyanya na mafuta ya zeituni, anasikiliza habari za mvua iliyokataa kunyesha, na akichoka analala. Stesheni za ile reli isiyowahi kuona treni, Olvera, Coripe, Puerto Serrano, zimepata vitanda na majiko. Palipojengwa kwa ajili ya abiria wasiofika, sasa abiria wanafika wakisukuma baiskeli. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema sisi, na kwa mara ya kwanza tumeona msemo huo ukiandikwa kwenye daftari la hesabu.

Nasi tunaiona kesho, ndugu. Tunaiona kama mtu anavyoona kilima cha pili akiwa juu ya cha kwanza. Tunaona njia ya changarawe ikitoka Cádiz na kufuata mgongo wa Mediterania, ikipokezwa kutoka reli iliyokufa kwenda pito la kondoo, kutoka pito la kondoo kwenda barabara nyeupe, bila kugusa lami ya magari isipokuwa kwa kuivuka. Mchoro wake mkubwa upo: EuroVelo 8, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Cádiz kuelekea mashariki. Upo kwenye ramani, ila sehemu kubwa bado inatupandisha bega kwa bega na malori, na ramani haimkingi mtu. Tunaona mchoro huo ukishuka kutoka kwenye karatasi na kuwa vumbi. Tunaona binti wa miaka kumi akitoka Girona asubuhi peke yake, mama yake akimpungia mkono bila kukunja uso. Tunaona madereva wa malori, ndiyo, wao pia, maana wana magoti na wana mapafu, wakivua viatu Jumapili na kukanyaga nasi. Tunaona chungu cha maharage kikichemka chini ya mwaloni, na lugha tano zikigombania kijiko. Tunaona mchungaji kijana aliyerudi kutoka mjini kwa kuwa sasa kuna wa kumnunulia jibini.

Tunaona pia wenzetu wa Afrika Mashariki mezani, tena si kama wageni waalikwa. Ulimwengu wa changarawe uliwafuata nyumbani: tangu mwaka 2021 waendeshaji kutoka mabara mengine wanakuja Kenya, Masai Mara, kushindana na wenyeji kwenye Migration Gravel Race. Sule Kangangi, Mkenya aliyewaongoza vijana wa timu ya baiskeli ya Amani, alikufa mashindanoni Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022, akiwa kwenye changarawe. Jina lake tunalitaja hapa kwa sababu kila kitabu cha harakati hii kitaanza na watu wa vumbi, na yeye ni mmoja wao. Na neno bodaboda lenyewe, linaloitwa leo kila kona ya Afrika Mashariki, lilizaliwa juu ya tandiko la nyuma la baiskeli, mpakani Busia, kabla ya pikipiki kulichukua.

Tunadai machache. Hakuna kilomita nyingine ya njia nyeupe itakayotiwa lami bila watu wanaoitembea kwa miguu kuulizwa. Kila reli iliyokufa ihesabiwe, na ardhi yake isiuzwe vipandevipande. Kila pito la mifugo lirudishiwe upana wake kama ulivyoandikwa, mita 75 ni mita 75. Kila treni iwe na behewa la baiskeli. Hatudai mnara, hatudai siku ya kimataifa, hatudai mkutano wenye vitambulisho vya shingoni.

Ahadi yetu ni ndogo na ni ya kila wiki: tutazipita. Zikiwa na tope tutazipita na tope, na udongo wa Siena ukishika gurudumu hadi likakataa kuzunguka tutabeba baiskeli begani. Tutazipita upepo wa tramuntana ukitusukuma korongoni. Tutazipita na watoto, na wazee, na asiyejua kubadili gia. Pito lisilokanyagwa huota miiba, na miiba hupata mwenye shamba.

Basi njooni. Tunaanzia Olvera, kwenye stesheni ile ambako hakuna treni iliyowahi kufika. Jua likichomoza tunaondoka, mwendo ni wa aliye nyuma kabisa. Leteni maji, taa ya handakini, pampu na viraka. Asiye na baiskeli aje hivyohivyo, ataazimwa.